Umeme ulikatika Ubuntu ikiwa inasasishwa: je, kompyuta imeharibika?

Swali: "Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari nje kidogo ya Moshi. Tuna kompyuta 12, zote zina Ubuntu 22.04. Juzi nilikuwa nasasisha moja, umeme ukakatika katikati. Uliporudi kompyuta ikawaka vizuri, ila kila nikitaka kuweka programu inaniambia dpkg ilikatizwa. Mara nyingine inasema haiwezi kupata kufuli. Fundi mmoja ameniambia nifute mafaili ya kufuli, ikishindikana atapiga Ubuntu upya. Mwenzangu naye kaniletea faili la .deb kwenye flashi, linagoma, linadai vitu vingine. Tena nikiendesha apt update bando linaliwa lakini programu zinabaki zilezile. Je, mashine imekufa? Na kwa nini Linux isiwe na faili moja la kubofya kama Windows? Naogopa hata kuzigusa zile 11 zilizobaki."

Jibu:

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Kompyuta hiyo haijafa. Kwa maelezo yako inawaka na kufunguka kama kawaida, maana yake sehemu kubwa ya mfumo iko salama. Kilichotokea ni kwamba kazi ilikatika katikati, na mfumo ukaandika ilipoishia. Ujumbe unaokutisha unasema hivi tu: tulifika hapa, niruhusu nimalizie. Kwa hiyo usifute kitu chochote, na usikubali ipigwe upya kabla hatujajaribu kumaliza kazi iliyobaki.

Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, lakini yote yana mzizi mmoja, nao ni namna Linux, familia ya mifumo ambayo Ubuntu ni mmojawapo, inavyopokea programu, inavyoziandikisha na kuzitunza. Naomba univumilie nikueleze hilo kwanza, kwa sababu ukilielewa hutahitaji kukariri amri.

Tuanze na faili la .deb lenyewe, yaani kifurushi cha programu. Ndani yake kuna vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni kifaili kidogo kinachotaja toleo la muundo. Ukikifungua utakuta 2.0 basi. Kingine ni maelezo: jina la kifurushi, toleo lake, aina ya prosesa kilichotengenezewa, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo ili hiki kifanye kazi. Humohumo huwa mna hati fupi za maagizo ya kuendeshwa kabla na baada ya kuweka au kuondoa programu. Cha tatu ndio mzigo: mafaili ya programu, kila moja limeshapangiwa mahali pa kwenda, hili /usr/bin, lile /usr/share.

Anayefungua mzigo huo ni dpkg. Toleo lake la kwanza liliandikwa na Ian Murdock, mwanzilishi wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, mwaka 1994, na Ubuntu iliyojengwa juu ya Debian inaitumia mpaka leo. Ifikirie kama mtunza stoo wa shule mwenye leja. Haendi mjini kununua. Anapokea kilicholetwa, anakiweka mahali pake na kukiandika. Leja hiyo ipo kweli, ni faili la maandishi ya kawaida linaloitwa /var/lib/dpkg/status. Kila kifurushi kina ukurasa wake humo, pamoja na hali yake. Ndiyo sababu ukiandika dpkg -L na jina la kifurushi unaletewa orodha ya kila faili lililoingia nacho, na ndiyo sababu Linux inaweza kuondoa programu bila kuacha mabaki yametapakaa kwenye diski.

Sasa fuatilia kwa makini, maana tatizo lako liko hapa. dpkg haiweki programu kwa tendo moja. Kwanza inafungua mzigo na kuyapeleka mafaili mahali pake. Inalifanya hilo kwa tahadhari: faili jipya huandikwa kwanza kwa jina la muda linaloishia na .dpkg-new, na likishakamilika ndipo linapewa jina halisi na kuchukua nafasi ya lile la zamani. Umeme ukikatika hapo, kwa kawaida unabaki na faili la zamani zima au jipya zima. Ni nadra sana kubaki na nusu faili. Baada ya kufungua ndipo inakuja hatua ya kusanidi: zile hati fupi zinaendeshwa, huduma zinawashwa upya, menyu zinasajiliwa. Katikati ya hatua hizi mbili kifurushi huandikwa kwenye leja kuwa kimefunguliwa lakini hakijasanidiwa. Ukisasisha vifurushi 80 kwa pamoja, vingi hufunguliwa kwanza na kusanidiwa baadaye, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kukuta msururu mrefu umesimama kwenye hali hiyo ya kati.

Ndipo kompyuta yako ilipo. Unaweza kujionea mwenyewe bila kubadilisha kitu:

dpkg --audit

Itakutajia vifurushi vilivyoishia njiani. Kabla ya kuendelea, nakili kazi za wanafunzi kwenye flashi au diski ya nje, halafu andika df -h uangalie kama diski ina nafasi. Diski iliyojaa ni chanzo kingine kikubwa cha usanidi kugoma, na watu wengi hawaiangalii. Kisha endesha hizi kwa mfuatano, ukisubiri kila moja imalize:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt upgrade

Neno sudo mwanzoni linaipa amri mamlaka yote ya mfumo. Ya kwanza inaiambia dpkg imalizie kusanidi kila kilichobaki. Ikikuuliza kuhusu faili la mipangilio, kwamba ubaki na la zamani au uchukue jipya, na huna uhakika, baki na la zamani. Ndilo jibu ambalo yenyewe inalipendekeza. Ya pili inatafuta vifurushi vinavyokosa wenzake na kuvikamilisha. Mara nyingi hizi mbili zinatosha kabisa.

Kuhusu kufuli, naomba niwe mkali kidogo, kwa sababu ushauri wa kufuta mafaili hayo umezagaa na ni mbaya. Mafaili kama /var/lib/dpkg/lock-frontend yapo wakati wote, hata kompyuta ikiwa imetulia. Uwepo wake sio unaofunga. Kinachofunga ni programu iliyo kazini kulishikilia faili hilo kupitia kiini cha mfumo (kernel), na programu ikimaliza au kompyuta ikizimika, mshiko huo unapotea wenyewe. Kwa hiyo umeme ulipokatika kufuli lilifunguka palepale. Unapoambiwa leo kwamba halipatikani, maana yake kuna programu nyingine inafanya kazi muda huohuo. Kwenye Ubuntu mara nyingi ni unattended-upgrades, inayojiendesha yenyewe kila siku kuweka marekebisho ya usalama, na hupenda kuanza muda mfupi baada ya kompyuta kuwashwa. Soma ujumbe wote: utaona namba na jina la programu iliyoshika. Iache imalize, kanywe chai, rudi. Ukilifuta faili lile ukalazimisha, unaweza kuruhusu programu mbili kuandika kwenye leja moja kwa wakati mmoja, na leja ikichafuka hapo ndipo utakuwa na tatizo la kweli.

Tuje kwenye faili la flashi. Nimesema dpkg haiendi mjini. Ukiipa .deb moja inayohitaji vifurushi vingine ambavyo havipo, itakuambia havipo na kuishia hapo. Anayejua kutafuta ni apt, iliyoingia rasmi kwenye Debian 2.1 mwaka 1999 kwa ajili ya kazi hiyohiyo. apt husoma orodha ya kila kifurushi, hupiga hesabu ya nani anamhitaji nani, huvipakua vyote kutoka kwenye ghala la mtandaoni, kisha humkabidhi dpkg kwa mpangilio unaofaa. Kwa hiyo ukiwa na faili mkononi na intaneti ipo, acha dpkg -i, andika hivi ukiwa ndani ya folda yenye faili hilo:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Ule mkwaju na nukta mwanzoni ni lazima, vinginevyo apt itadhani unataja jina la kifurushi kilichoko ghalani.

Hata hivyo kuna kugoma ambako apt haiwezi kukutatulia, nako ni faili lililotengenezwa kwa ajili ya toleo jingine la Ubuntu. Programu karibu zote zinaegemea maktaba ya msingi iitwayo libc6; maktaba ni mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea kufanya kazi. Ubuntu 22.04 ina toleo lake la 2.35, na 24.04 ina 2.39. Faili lililoundwa juu ya 24.04 linaweza kudai libc6 isiyopungua 2.38, na kwenye mashine zenu haiwezi kupatikana kwa njia halali. Usiende kuitafuta mtandaoni ukailazimisha. libc6 ikiharibika, hata amri ndogo ya kuorodhesha mafaili haitafanya kazi. Mwambie mwenzako akutafutie faili la 22.04, au angalia kwanza kama programu hiyo haipo kwenye ghala la Ubuntu. Mara nyingi ipo.

Umesema apt update inakula bando na hakuna kinachobadilika. Ndivyo inavyotakiwa. Amri hiyo haisasishi programu. Inaleta orodha mpya tu ya vilivyomo ghalani na kuihifadhi kwenye /var/lib/apt/lists. Anayezibadilisha programu ni apt upgrade, na orodha ikiwa ya zamani itafanya kazi kwa taarifa za zamani, ndiyo maana zinafuatana. Tazama mwanzo wa mistari inayopita: Hit ni kwamba orodha hiyo haijabadilika tangu mara ya mwisho na haikupakuliwa tena, Get ni kwamba imepakuliwa. Ukirudia update mara tatu kwa siku, ile ya pili na ya tatu hazitakugharimu kitu cha maana. Na hata baada ya upgrade usitegemee sura mpya. Ubuntu 22.04 ilitoka na LibreOffice 7.3 na itabaki kwenye 7.3, kinacholetwa ni viraka vya usalama na marekebisho ya hitilafu. Kwa maabara ya shule huo utulivu ni faida, kwa sababu somo uliloandaa mwezi wa kwanza halitakugeuka mwezi wa sita. Msaada wa kawaida wa toleo hilo unafika 2027, kwa hiyo weka mpango wa kuhama mapema.

Sasa lile la Windows. Faili moja la kubofya ni rahisi kwa sababu mara nyingi limebeba kila kitu chake, pamoja na maktaba ambazo programu nyingine nazo zimezibeba. Linux ilichagua maktaba moja itumiwe na wote. Gharama yake ndiyo hiyo inayokukera, ya kifurushi kudai wenzake. Faida yake ilionekana wazi Aprili 2014, ulipotangazwa udhaifu mkubwa wa Heartbleed kwenye OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya mtandaoni. Kwenye mifumo ya Debian na Ubuntu, kusasisha kifurushi kile kimoja cha maktaba na kuwasha upya huduma zilizokitumia kuliziba tundu kwa programu zote zilizokiegemea. Pale ambapo kila programu imebeba nakala yake, lazima umngoje kila mtengenezaji kwa zamu yake.

Kuna na suala la uaminifu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Ghala la Ubuntu lina faili kuu lililotiwa saini ya kidijitali. Ndani yake kuna alama za utambulisho za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha hizo kuna alama ya kila .deb. Kompyuta yako ilikuja na ufunguo wa kuhakiki saini hiyo. Mtu akibadilisha hata herufi moja ya kifurushi njiani, alama hazitalingana na apt itakikataa. Faili la flashi halipiti kwenye ukaguzi huu. Na ukumbuke zile hati fupi zilizomo ndani ya .deb huendeshwa kwa mamlaka yote ya mfumo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenzako kabla ya kuchomeka flashi ni moja: umelitoa wapi? Akikutajia tovuti rasmi ya watengenezaji, sawa. Akisema kalikuta kwenye kundi la WhatsApp, liache.

Mkanganyiko mwingine utaukuta kwenye Firefox. Kwenye 22.04 haiji kama .deb, inakuja kama snap, mfumo wa pembeni ambao kila programu hubeba vya kwake na kujisasisha yenyewe. Kwa kawaida snap huulizia matoleo mapya mara nne kwa siku, na kwa mwenye bando hilo ni jambo la kuliangalia. Unaweza kusimamisha kwa muda, mfano siku tatu, kwa sudo snap refresh --hold=72h. Sikushauri usimamishe moja kwa moja, kwa sababu kivinjari ndicho mlango ambao wanafunzi wanautumia kutokea nje kila siku. Ukikutana na Fedora, mfumo mwingine wa Linux, na vifurushi vyake vya .rpm, usishtuke: rpm pale inafanya kazi ya dpkg, na dnf inafanya kazi ya apt.

Kwa zile 11 zilizobaki una njia mbili za kuokoa bando. Ya kwanza haihitaji mtandao wa ndani. Kwenye kompyuta moja endesha sudo apt update, kisha sudo apt-get upgrade -d, ambayo inapakua bila kuweka. Mafaili ya .deb yatakaa /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi, yapeleke kwenye folda hiyohiyo ya kompyuta ya pili, huko nako uendeshe update kisha upgrade; apt itayakuta yapo, itahakiki alama zake na kutoyapakua tena. Inafaa kompyuta zikiwa na toleo moja na programu zinazofanana, kama zenu. Kasoro yake ni kutembea na flashi mashine kwa mashine, na kila moja bado itapakua orodha.

Njia ya pili ndiyo ningeichagua ningekuwa wewe, ikiwa kompyuta zenu zimeunganishwa kwa swichi au ruta. Weka kifurushi cha apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja. Kwenye hizo nyingine tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari huu, ukibadilisha namba iwe anwani ya ile kompyuta kuu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kuanzia hapo kila kifurushi kinaingia shuleni mara moja tu, kompyuta nyingine zote zinakichukua kwa jirani. Hakipungukiwi na usalama, kwa sababu saini bado inahakikiwa kwenye kila mashine. Ila snap haipiti humo, na kompyuta kuu ikizimwa nyingine hazitasasishika, kwa hiyo mpe mtu jukumu la kuiwasha. Umeme nao: sasisha moja baada ya nyingine, ikiwa imechomekwa kwenye UPS hata ile ndogo, na uchague saa ambazo umeme wa kwenu huwa umetulia. Usiendeshe zote 12 kwa pamoja mawingu ya masika yakiwa yametanda mlimani.

Yapo mambo ambayo usiyatatue kwa kusoma maelezo ya mtu aliye mbali. Ukiandika sudo dmesg ukaona I/O error (makosa ya kusoma au kuandika) zikijirudia, diski yenyewe inaelekea kufa. Nakili kazi zako na utafute diski nyingine, hakuna amri ya dpkg itakayosaidia. dpkg ikilalamika kwamba haiwezi kulisoma faili la status, leja imeumia. Nakala zake huwa zipo /var/backups, lakini kuirudisha kunataka mtu anayejua anachokifanya akiwa ameketi mbele ya mashine. Kompyuta ikigoma kuwaka kabisa, kwanza jaribu kuchagua kiini cha zamani kwenye menyu ya kuwashia, chini ya Advanced options for Ubuntu. Nacho kikigoma, ipeleke kwa mtu.

Mtu huyo awe anaijua Linux. Mafundi wengi wa Moshi na Arusha ni hodari wa kupiga window, na hiyo ni kazi halali, ila ni kazi nyingine. Muulize ataanza na nini. Akikujibu kwamba ataangalia kwanza ujumbe na kumbukumbu za mfumo, mkabidhi. Akitaka kufuta kabla hajaiwasha, ondoka na mashine yako. Unaweza pia kuulizia kwenye idara za TEHAMA za Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi au Chuo cha Ufundi Arusha. Mwanafunzi anayetafuta mafunzo kwa vitendo anaweza kuifaa maabara yenu kuliko fundi wa siku moja, na akawaachia wanafunzi wako kitu.

Endesha zile amri nne leo kwenye hiyo iliyokatika. Kama dpkg --configure -a itasimama kwenye kifurushi kilekile mara mbili, usiirudie tena. Fungua /var/log/apt/term.log, nakili mistari ya mwisho kama ilivyo bila kuifupisha, unitumie pamoja na majibu ya df -h. Kwa hayo mawili nitaweza kukuambia ni kifurushi gani kinakwamisha wenzake.